Tumecheka Nini?

Neno la leo ni refu kidogo. Kama uko ndani ya matatu, soma nusu, nyingine umalizie ukifika nyumbani. Lakini usome. Na usiniandikie "Amina, Pasta" kabla hujafika mwisho, kwa sababu kuna mahali hutapenda kusema Amina.

Jumamosi moja jioni nilipitia nyumba ya kijana wa timu yetu ya sifa kuchukua funguo za kanisa. Nikiwa bado langoni nilisikia kicheko, kile cha watu wanaopiga magoti kwa viganja na kuegemeana mabega. Nikasema moyoni, leo vijana wangu wana furaha. Nikabisha, nikaingia. Walikuwa wanane, wote nawajua, na wengine niliwabatiza kwa mikono yangu. Kwenye runinga, mwanamke alikuwa ameruka ndani ya kidimbwi cha kuogelea kilichoingia umeme, na mwili wake ulikuwa umepasuka vipande. Hicho ndicho walichokuwa wakicheka.

Mmoja akakimbilia rimoti. "Pasta, ni komedi tu."

Nikamwambia, "Usizime. Irudishe mwanzo." Nikaketi, nikaitazama yote.

Filamu yenyewe inaitwa The Monkey. Ilitoka Februari 2025, imeongozwa na Osgood Perkins, na imetokana na hadithi fupi ya Stephen King iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1980. Wavulana wawili mapacha wanapata mwanasesere wa tumbili katika vitu alivyoacha baba yao. Ukizungusha ufunguo mgongoni mwake, tumbili anapiga ngoma, na akimaliza kupiga, mtu anakufa. Hujui atakufa nani. Katika hadithi ya King jambo hili ni la kutisha tangu mwanzo hadi mwisho. Perkins aligeuza. Katika filamu yake watu wanakufa kwa njia za ajabu ajabu, kila kifo na kishindo chake, na kila kimoja kimepangwa ili ucheke. Yaya wa wale watoto anapoteza kichwa mkahawani, mbele ya mpishi mwenye visu. Sitaendelea kuorodhesha. Mkifika mwisho wa somo hili mtajua kwa nini.

Huko Marekani filamu ilipewa alama ya R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Iliingiza zaidi ya dola milioni 60. Watazamaji waligawanyika. Wako waliotoka wakinung'unika kwamba walikuja kuogopeshwa wakaishia kuchekeshwa. Wengine walicheka mpaka machozi, kama vijana wangu.

Na sasa nikiri, maana Bwana ananiona. Mimi pia nilicheka. Mara moja. Kuna padri kijana katika filamu anayesimamia mazishi na hajui la kusema. Anababaika, anatafuta maneno, hayapati. Nilicheka kwa sababu nimewahi kuwa yule padri. Mazishi yangu ya kwanza nikitoka chuo cha Biblia, nilisimama mbele ya jeneza dogo nikasahau hata jina la marehemu. Kicheko kilinitoka, kisha kikanikwama kooni.

Jumatatu simu zilianza. Habari ilikuwa imefika kwa wazazi kwamba Pasta aliketi na vijana akatazama filamu ya damu. Kiongozi mmoja akaniambia niwatoe wote wanane kwenye timu ya sifa kwa miezi mitatu. Mwingine akasema yule tumbili ana roho, na ile nyumba inahitaji maombi ya ukombozi.

Nikajibu hivi, na narudia hapa. Tumbili wa sinema ni kitu kilichotengenezwa na mafundi. Paulo alishamaliza maneno hayo: sanamu si kitu katika ulimwengu (1 Wakorintho 8:4). Mkitumia jioni nzima kukemea mwanasesere, mtakuwa hamjagusa kilichotokea sebuleni. Kilichotokea sebuleni ni kwamba watoto wa Mungu wanane waliona mwili wa mtu ukipasuka, na kitu cha kwanza kilichotoka ndani yao ni kicheko. Hapo ndipo penye somo.

Lakini kabla ya vijana, nataka tumtazame aliyeitengeneza. Sina mawe ya kumrushia, na ukisikia habari zake utaliweka lako chini.

Baba yake Osgood Perkins alikuwa Anthony Perkins, yule mwigizaji wa Psycho ya mwaka 1960. Alikufa kwa UKIMWI Septemba 12, 1992, siku ambazo watu walikuwa wakiuficha ugonjwa huo hata kwa marafiki. Mama yake, Berry Berenson, alikuwa abiria katika ndege ya kwanza iliyogonga majengo pacha ya New York, Septemba 11, 2001. Hesabu mwenyewe. Kesho yake ingetimia miaka tisa tangu mumewe afe. Perkins ameeleza katika mahojiano kwamba wazazi wake walikufa vifo ambavyo dunia nzima ilivisoma magazetini, kwamba alibeba uchungu huo miaka mingi, na kwamba baadaye akaona pengine njia ya kukikabili kifo ni kukitazama kwa tabasamu, kwa kuwa kinamfika kila mtu.

Kwa hiyo unapoketi ucheke ile filamu, jua unachocheka. Ni matanga ya yatima. Mithali 14:13 inasema moyo unaweza kuwa na huzuni hata katikati ya kicheko. Mimi nikimwona mtu huyo sitamkemea. Nitamkaribisha chai, nitakaa naye kimya, kama marafiki wa Ayubu walivyokaa siku saba kabla hawajaharibu mambo kwa kufungua vinywa (Ayubu 2:13).

Ila mahubiri yake nitayapinga. Na msidanganyike kwamba filamu ile haina mhubiri. Padri ameshindwa, basi mama wa wale wavulana anachukua mimbari. Anawaambia watoto wake kwamba kila mtu hufa, wengine kwa utulivu na wengine vibaya, na ndivyo maisha yalivyo. Kisha wanaenda kucheza dansi.

Mnayajua mahubiri hayo. Paulo aliyaandika miaka karibu elfu mbili iliyopita. Anasema kama wafu hawafufuliwi, basi kilichobaki ni kula na kunywa, maana kesho tunakufa (1 Wakorintho 15:32). Huyo mama ni mwaminifu kuliko wahubiri wengi. Kama kaburi ndilo mwisho, mama yule ana haki, tucheze dansi. Filamu yenyewe inajua Biblia. Karibu na mwisho, Mauti anapita barabarani amepanda farasi wake, yule wa Ufunuo 6:8. Lakini aliyeiandika amesoma sura ya sita akafunga kitabu. Angeendelea mpaka sura ya ishirini, aya ya kumi na nne, angeona Mauti mwenyewe akitupwa katika ziwa la moto. Angegeuza ukurasa mmoja zaidi, angeona mkono wa Mungu ukifuta machozi.

Sasa nije kwetu.

Wiki tatu baada ya ile Jumamosi, kijana wa bodaboda aligongwa na lori kwenye barabara yetu, asubuhi na mapema. Alikuwa na miaka ishirini na tatu. Mama yake huja ibada ya Jumatano, huketi nyuma karibu na mlango. Ameniruhusu niandike haya. Aliniambia, "Andika, Pasta, wasimfanyie mwingine."

Picha ilifika kwenye simu yangu kabla ya saa mbili. Niliifungua. Kisha nikaweka vidole viwili juu ya kioo nikaikuza. Wapendwa, sikuikuza ili nijue kama anahitaji msaada. Ilikuwa wazi hahitaji tena msaada wa mtu. Niliikuza ili nione. Mimi, mchungaji wenu, niliyekuwa nimewakalisha vijana wanane nikawauliza kama wana mioyo.

Aliyeituma kwenye grupu ya kanisa ni mmoja wa wale walionipigia simu Jumatatu ile. Chini yake aliandika, "Mungu atuhurumie, tuombee familia." Nimeongea naye, amelia, ametubu, na amekubali niseme bila kumtaja. Lakini grupu la mtaa lilikuwa na picha ileile na maneno mengine. Mtu alikuwa ametia mzaha kuhusu helmeti, na chini ya mzaha zilijipanga zile nyuso za manjano zinazocheka mpaka machozi. Nilihesabu kumi na nne nikaacha. Namba moja niliifahamu. Ni ya kijana aliyekuwa katika ile sebule.

Nilimwita. Sikumfokea. Nilimuuliza tu, "Ulikuwa unacheka nini?" Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Pasta, sikufikiria. Kidole kilienda tu."

Kidole kilienda tu. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Wakati huo mama alikuwa ameshaiona. Haikumfikia kupitia kwa polisi, wala kwa chifu, wala kwa mimi mchungaji wake. Ilimfikia kwenye grupu ya chama, akiwa anapanga nyanya kwenye meza yake. Alimtambua mwanawe kwa viatu. Yeye ndiye aliyemnunulia.

Sasa mniambie nani atolewe kwenye huduma miezi mitatu. Vijana walicheka damu ya kutengenezwa, na waigizaji wote walirudi nyumbani kula chakula cha jioni. Sisi watu wazima, tuliookoka zamani, tunasambaza mwili wa mtoto wa mtu na kuupakia maombi juu ili usionekane ni uchi. Yule anayecheka angalau ni mkweli. Sisi tunatazama kwa hamu ileile, kisha tunaandika "tuombe". Nawauliza, mliomba? Au mlituma tu?

Najua majibu yenu, niliyasikia yote wiki ile.

Kuna anayesema, "Pasta, ni filamu tu." Kweli. Na sisemi filamu ndiyo iliyokisukuma kidole cha yule kijana. Nasema moyo ni kama njia ya mguu shambani. Ukipita mara moja nyasi husimama tena. Ukipita kila Jumamosi, hata usiku bila taa miguu inajua pa kukanyaga. Ukizoea kwamba mwili uliovunjika ni wakati wa kucheka, siku utakapoona mwili wa kweli hutapata nafasi ya kuchagua.

Kuna anayesema, "Lakini Biblia yenyewe imejaa damu." Huyu amesoma, nampenda. Ni kweli. Ehudi na upanga wake tumboni mwa mfalme Egloni, Waamuzi 3. Yaeli na kigingi cha hema, Waamuzi 4. Na ile habari ya Waamuzi 19 ambayo wachungaji wengi hatuihubiri, ya mwanamke aliyefanyiwa unyama usiku kucha, kisha mwili wake ukakatwa vipande kumi na viwili na kupelekwa Israeli yote. Mungu hakuifuta. Lakini soma aya ya mwisho ya sura hiyo. Walioona waliambiana wayatafakari, wafanye shauri, waseme neno. Biblia ikikuonyesha damu inakuuliza swali: utafanya nini? Filamu hii haikuulizi kitu. Inakungoja ucheke ilete nyingine.

Na kuna damu moja ambayo ilimwagwa mbele ya watazamaji, wapendwa, na Luka ametuandikia jinsi watazamaji walivyoipokea. Katika Luka 23:35 watu wamesimama wanatazama, na wakuu wanafanya mzaha. Hapo kuna wanaocheka. Lakini shuka mpaka aya ya 48. Luka anaandika kwamba makutano waliokuja kulitazama tukio lile walirudi wakijipiga vifua. Neno la Kiyunani alilotumia hapo ni theoria, na maana yake ni onyesho, kitu ambacho watu hukusanyika kukitazama. Agano Jipya lote limelitumia neno hilo mara hiyo moja tu. Walikuja kuona onyesho. Walipoona mwili wa mtu umechanwa, kitu kikawavunja ndani, wakarudi nyumbani mkono kifuani. Huo ndio utazamaji ninaowaombea.

Kuna anayesema, "Basi Mkristo asicheke kifo kamwe?" Hapana, ndugu yangu. Sisi ndio pekee wenye haki ya kukicheka. Paulo anakidhihaki kifo waziwazi, anakiuliza uchungu wake umekwenda wapi (1 Wakorintho 15:55). Ndiyo maana tunaimba matangani na kupiga makofi mpaka majirani wanashangaa. Lakini angalia Paulo anacheka nini. Anacheka kifo. Haichekeshi maiti. Anacheka adui aliyeshindwa, na ule mwili uliolala pale anauita mbegu, kitu kilichopandwa kwa sababu kitaota. Huwezi kuamini kwamba kidole hiki, mguu huu, uso huu utaitwa kwa jina siku ya parapanda, halafu ukaucheka ukiwa barabarani.

Na Yesu mwenyewe, aliyekuja Bethania akijua kabisa kwamba baada ya dakika chache Lazaro atatembea, alilia kwanza (Yohana 11:35). Alikuwa na ufufuo mkononi na bado alilia. Kama yeye hakuruka hatua hiyo, wewe na mimi tunairukaje?

Sasa nimalize na jambo nililoliona asubuhi ile. Nilipofika barabarani umati ulikuwa umezunguka, simu juu, kila mtu anatafuta pembe nzuri. Mama mmoja anayeuza sukuma wiki kando ya lile duka alipenya katikati. Hakupiga picha. Alifungua leso aliyojifunga kiunoni, akamfunika yule kijana kuanzia kichwani. Kisha akasimama pale akiwa na sketi yake ya ndani, mbele ya watu wote, akisema, "Ondokeni. Huyu ana mama."

Nikakumbuka Mwanzo 9. Nuhu amelala uchi hemani. Hamu aliona, akatoka nje akawaambia ndugu zake. Basi. Aliona, akasambaza. Shemu na Yafethi walichukua vazi, wakalibeba mabegani, wakaingia kinyumenyume, uso umegeuzwa, wakamfunika baba yao. Hamu na ndugu zake wote walipata habari ileile. Laana na baraka zikagawanyika kwa kile kila mmoja alichofanya na macho yake.

Nilikuwa na digrii ya theolojia na simu mkononi. Yule mama alikuwa na leso. Nani kati yetu alikuwa mchungaji asubuhi ile?

Wiki hii nawaomba mambo matatu.

La kwanza. Fungua simu yako sasa hivi, ufute kila picha ya mwili wa mtu uliyohifadhi. Usiseme utaifuta baadaye. Mtu huyo ana mama.

La pili. Ikija nyingine, isiishie tu kwako. Mwandikie aliyeituma, kwa upole, faraghani: "Ndugu, nimeifuta, nawe ifute." Atakasirika. Mwache akasirike.

La tatu, vijana wangu. Sijawatoa kwenye timu ya sifa, na sitawakataza kila filamu kama watoto wa darasa la pili. Lakini mkitazama kitu, na kicheko kikapanda juu ya mwili wa mtu, bonyeza kituo. Mwulize aliye karibu nawe, "Tumecheka nini?" Mkipata jibu mnaloweza kulisema mbele ya yule mama wa ibada ya Jumatano, endeleeni. Mkikosa, zimeni. Na wale wanane, Alhamisi saa kumi na moja tunaenda kwake pamoja kumsaidia kurudisha meza yake ya nyanya. Nami nitakuja. Yule wa kidole ameomba abebe mbao.

Tuombe.

Baba, tusamehe macho yetu. Tusamehe vidole vyetu. Tulitazama kama umati ulivyotazama msalabani, tukafanya mzaha, na wengine tulificha tamaa ya kuona nyuma ya maneno ya maombi. Turudishie machozi tuliyoyapoteza. Mfariji mama huyu. Mkumbuke na yule mwana wa baba na mama waliokufa mbele ya dunia yote, umwonyeshe ukurasa ambao hajaufungua. Tufundishe kufunika. Na siku ile utakapoamsha kila mwili uliovunjika, tupe kucheka kicheko cha kweli, pamoja nao. Katika jina la Yesu.

Sasa unaweza kusema Amina. Na kama una kitu cha kusambaza leo, sambaza hiki.

Mchungaji wenu.